Mwongozo wa Kukusanya Sare na Alama za Rejimenti ya Kwanza ya Walinzi wa Miguu ya Prussia

Mtu anayeanza kukusanya sare za jeshi la kifalme la Prussia, ufalme wa Kijerumani wa zamani, hushangazwa mapema na jambo moja: rejimenti iliyokuwa na heshima kuliko zote ndiyo iliyovaa mabegani kipande cha kitambaa kisicho na alama yoyote. Rejimenti za kawaida ziliandikwa namba, na baadhi ya zile zilizopewa majina ya wafalme na malkia zilitarizwa herufi zenye taji. Rejimenti ya Kwanza ya Walinzi wa Miguu ya Potsdam, ambayo Wajerumani waliiita 1. Garde-Regiment zu Fuß, ilivaa kitambaa cheupe kitupu. Kwa sababu hiyo hakuna kipande kimoja cha sare yake kinachoweza kujithibitisha chenyewe. Uthibitisho hutokana na sehemu nyingi zinazokubaliana: muhuri wa ndani, kifungo, mshono, umbo la pindo la mkono na rangi ya metali. Hatua zilizo hapa chini zimepangwa kwa kufuata kanuni hiyo, na zinamlenga msomaji ambaye bado hajatoa pesa yake.

Hatua ya 1: Amua mipaka ya mkusanyo

Mwaka 1914 askari wa miguu wa Walinzi wa Prussia walikuwa na rejimenti tano za Walinzi wa Miguu, rejimenti tano za Magrenadia wa Walinzi na rejimenti moja ya Mafusilia, mbali na batalioni za wawindaji na walenga shabaha. Hakuna anayeweza kuzikusanya zote vizuri kwa kipato cha kawaida. Chagua rejimenti moja, kisha chagua kipindi. Rejimenti ya Kwanza inafaa kwa sababu historia yake ni wazi: ilizaliwa kutokana na mabaki ya walinzi wa zamani baada ya Prussia kupigwa na Napoleon mwaka 1806, ikapata namba yake mwaka 1813 ilipoundwa Rejimenti ya Pili, na ikavunjwa mwaka 1919 baada ya ufalme kuanguka. Mfalme mwenyewe alikuwa mkuu wake wa heshima, na wana wa mfalme wa ukoo wa Hohenzollern walipewa uluteni ndani yake walipotimiza miaka kumi. Ndiyo maana ziko sare za kiofisa za rejimenti hii zenye ukubwa wa mtoto. Ukiiona moja, usidhani moja kwa moja kwamba ni vazi la maigizo.

Kwa vipindi, mgawanyo unaofaa ni huu: koti la buluu la wakati wa amani hadi 1914, sare ya kijivu iliyoidhinishwa mwaka 1910, na mavazi yaliyorahisishwa ya miaka ya vita kuanzia 1915. Ushauri wangu ni kuanza na sare ya buluu ya miaka ya 1895 hadi 1914. Vitu vilivyobaki vya kipindi hicho ni vingi kiasi cha kumwezesha mtu kulinganisha, na kanuni zake zinajulikana vizuri.

Wapo watakaouliza kuhusu Afrika Mashariki. Paul von Lettow-Vorbeck, aliyeongoza majeshi ya Wajerumani huku kuanzia 1914 hadi 1918, alianza uofisa wake katika Rejimenti ya Nne ya Walinzi wa Miguu, lakini sare ya Schutztruppe, jeshi la kikoloni la Wajerumani, aliyoivaa huku ni somo jingine kabisa, lenye vitambaa, kofia na alama zake. Anayekuuzia kitu kilichookotwa kwenye uwanja wa vita wa Tanga au Mahiwa kwa jina la Walinzi wa Potsdam anachanganya mambo mawili, kwa kujua au kwa kutojua. Isitoshe, vitu vya kale vilivyopatikana ardhini Tanzania vinalindwa na Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964, na havifai kuingia katika biashara ya namna hii.

Hatua ya 2: Zijue alama kabla ya kuzinunua

Koti la buluu iliyoiva, ambalo katalogi za minada huliita Waffenrock, lina safu moja ya vifungo vinane kifuani, kola nyekundu na ukingo mwembamba mwekundu unaoteremka mbele. Kwa Rejimenti ya Kwanza metali zote ni nyeupe, yaani rangi ya fedha. Pindo la mkono ni la mviringo, lenye mtindo unaoitwa wa Kiswidi, na juu yake kuna vipande viwili vya utepe mweupe, kila kimoja na kifungo chake. Kola nayo ina utepe huo huo kila upande. Utepe huu huitwa Litzen, na ndio alama kuu ya Walinzi. Kwa askari ulifumwa kwa uzi wa kawaida. Kwa ofisa ulitengenezwa kwa uzi wa fedha.

Rangi za mabega ya rejimenti nne za kwanza za Walinzi wa Miguu zikaririwe kwa mpangilio: nyeupe, nyekundu, njano na buluu ya mbingu. Mpangilio huo huo ulirudiwa kwa rejimenti nne za kwanza za Magrenadia wa Walinzi, ila hao walikuwa na herufi za wakuu wao wa heshima. Magrenadia wa Kaisari Alexander, kwa mfano, walivaa nyeupe yenye herufi nyekundu na taji. Rejimenti ya Tano ya Walinzi wa Miguu, iliyoundwa Spandau mwaka 1897, nayo ilipewa nyeupe. Kwa hiyo weupe wa bega unapunguza orodha tu, haumalizi swali.

Vyeo vinasomeka kwa urahisi ukizoea. Askari wa daraja la kwanza, Gefreiter, ana kifungo kidogo kila upande wa kola. Maofisa wasio na kamisheni wana utepe wa fedha kwenye kola na pindo za mikono, na sajenti pamoja na walio juu yake kati ya hao huongezewa kifungo kikubwa cha kola. Askari wa kujitolea wa mwaka mmoja, vijana wasomi waliojigharamia sare, walizungushiwa ukingo wa bega kwa kamba iliyosokotwa kwa rangi nyeusi na nyeupe za Prussia. Kwa maofisa, luteni hana nyota, luteni wa daraja la juu ana nyota moja na kapteni ana mbili. Meja huanza upya bila nyota, ila kipande chake cha begani kimesukwa kwa kamba nene, kisha luteni kanali huongeza moja na kanali mbili. Majina ya vyeo vya chini vya uofisa yalibadilishwa tarehe 1 Januari 1899: aliyekuwa Sekondelieutenant akawa Leutnant, na Premierlieutenant akawa Oberleutnant. Lebo au barua yenye jina la zamani hukupa mpaka wa tarehe bila gharama yoyote.

Kifungo cha begani kiangaliwe peke yake. Hiki kiligongwa namba ya kombania, kuanzia 1 hadi 12, kwa kuwa rejimenti ilikuwa na batalioni tatu za kombania nne nne. Kombania ya kwanza ya rejimenti hii ilikuwa kombania ya mfalme mwenyewe, na kifungo chake kina taji badala ya namba.

Hatua ya 3: Anza na vitu vidogo

Koti au kofia kisiwe kitu chako cha kwanza. Nunua picha. Askari wengi wa Walinzi walipiga picha kwa wapiga picha wa Potsdam na Berlin kabla ya kurudi kwao, na picha hizo, zilizobandikwa kwenye kadi ngumu zenye jina la studio, bado zinapatikana kwa bei ambayo mshahara wa kawaida unaimudu. Picha kumi za rejimenti moja, zikikaguliwa kwa lenzi, hufundisha mambo ambayo maelezo ya muuzaji hayatakufundisha: kola ilikaa juu kiasi gani, kofia ya kazi isiyo na ukingo ilivaliwaje, kishada cha singe kilining'inia wapi.

Baada ya picha vije vikombe vya bia vya wanajeshi wa akiba. Askari aliyemaliza utumishi aliagiza kikombe cha kauri kilichochorwa jina lake, rejimenti, kombania na miaka aliyotumikia, na mara nyingi majina ya wenzake yaliandikwa ubavuni. Kitakoni mwa vingi kuna picha inayoonekana tu ukikiinua kuelekea mwanga. Hapa ndipo waigaji hujifichua wenyewe: picha hiyo ikiwa ya mwanamke aliye uchi, kuna uwezekano mkubwa kikombe ni cha nusu ya pili ya karne ya 20, kilichotengenezwa kwa ajili ya watalii. Kikombe halisi huonyesha mandhari ya kuagana, ya nyumbani au ya mapenzi yenye staha.

Vifungo na vipande vya begani visivyo na koti ni rahisi, na kwa rejimenti hii ndivyo vyenye hatari zaidi. Kipande cheupe kitupu kinaweza kukatwa leo asubuhi kutoka kwenye blanketi. Kinunue tu kikiwa kimekuja na koti lake au na karatasi za familia iliyokitunza.

Hatua ya 4: Ikague kofia ya ncha kwa mikono yako

Kofia ya ngozi yenye ncha, Pickelhaube, iliingizwa jeshini mwaka 1842 na ikapunguzwa urefu na kubadilishwa mara kadhaa. Ile utakayokutana nayo mara nyingi ni ya mtindo wa 1895. Mbele yake panakaa tai. Tai wa Walinzi amekunjua mabawa na kifuani ana nyota ya Nishani ya Tai Mweusi, iliyoandikwa katikati maneno ya Kilatini SUUM CUIQUE. Tai wa rejimenti za kawaida hana nyota hiyo. Kifuani ana herufi za mfalme. Nyota ya ofisa hutiwa enameli katikati. Ya askari imegongwa kwenye bati tupu.

Igeuze kofia uitazame ndani. Tai wa askari ameshikwa kwa vitanzi viwili vilivyopenya ngozi na kubanwa kwa vikabari vya ngozi. Tai wa ofisa ana misumari ya hesi na nati. Ukikuta hesi kwenye kofia ya askari, au vitanzi kwenye kofia ya ofisa, anza kutilia shaka. Kisha mlegeze tai kwa uangalifu, mwenyewe akiruhusu, na utazame ngozi iliyo nyuma yake. Metali iliyokaa mahali pamoja kwa zaidi ya miaka mia moja huacha kivuli: ngozi iliyofunikwa imebaki nyeusi na inang'aa, na mistari ya mabawa inaonekana kama imechorwa kwa kalamu ya risasi. Kivuli kikiwa cha tai mwenye umbo jingine, au pakiwa na matundu ya ziada yaliyozibwa kwa nta, kofia ya rejimenti ya kawaida imepandishwa cheo na mfanyabiashara. Huu ndio udanganyifu ulioenea kuliko wote, kwa sababu tai wa Walinzi pekee huongeza bei ya kofia mara kadhaa.

Endelea na bitana. Kofia ya askari ina vipande vya ngozi vilivyokatwa kama vidole na kukusanywa juu kwa uzi. Ya ofisa ina ukanda wa ngozi laini na bitana ya hariri, na upande wa chini wa ukingo wa mbele ni kijani huku wa nyuma ukiwa mwekundu. Chini ya ukingo wa nyuma wa kofia ya askari tafuta muhuri: ukubwa, mtengenezaji, rejimenti, kombania, mwaka. Kofia za vikosi vilivyobadilisha ncha kwa shada la manyoya siku za gwaride ziliundwa ili ncha ifunguke hata kabla ya 1915. Shada jekundu lilikuwa la wanamuziki, hivyo likija na koti la askari wa kawaida vitu hivyo viwili havikuanza maisha pamoja.

Tazama pia viduara vya rangi vilivyo pembeni, chini ya mikanda ya kidevu. Kuanzia 1897 upande wa kulia una kiduara cha Dola ya Ujerumani, chenye nyeusi, nyeupe na nyekundu, na wa kushoto una cha Prussia, cheusi na cheupe. Kofia inayodaiwa kuwa ya mwaka 1890 ikiwa na kiduara cha Dola, ama iliendelea kutumika ikaongezewa, ama muuzaji amekosea tarehe. Kofia za vita zilizotengenezwa kwa feliti au bati kwa uhaba wa ngozi, na zile za mtindo wa 1915 zenye metali ya kijivu, ni halali kabisa kwa mkusanyaji na kwa kawaida bei yake ni nafuu.

Neno moja kuhusu kofia ndefu ya magrenadia. Rejimenti ya Kwanza ilivaa siku za gwaride kofia ndefu yenye bamba la metali mbele, ya mtindo uliotokana na zawadi ya Kaisari wa Urusi mwaka 1824. Mwaka 1894 ilipewa mpya zilizoiga enzi ya mfalme Friedrich Mkuu wa Prussia, zenye wito wa rejimenti, SEMPER TALIS, na zile za zamani zikahamishiwa kwa Magrenadia wa Kaisari Alexander. Ni kitu kizuri mno, na kwa mtu anayeanza ni mtego. Zilizobaki ni chache, nyingi ziko makumbusho, na za kuigwa zimetengenezwa kwa ajili ya filamu, maigizo na maonyesho ya kihistoria. Itazame kwenye kabati la kioo na uendelee na safari yako.

Hatua ya 5: Lisome koti ndani kabla ya nje

Anayeuza atalitandaza koti kifua juu ili uone Litzen. Ligeuze. Koti lililotolewa na jeshi lina mihuri ya wino kwenye bitana: kifupisho cha rejimenti kama 1.G.R., namba ya batalioni na kombania, mwaka wa kutolewa na vipimo. Ofisi ya mavazi ya Kikosi cha Walinzi ilikuwa na muhuri wake, B.A.G. Usishangae kukuta mihuri miwili au mitatu iliyofutwa kwa mistari, kwa sababu koti lilishuka daraja kadiri lilivyochakaa, kutoka la gwaride hadi la kazi, na wakati mwingine lilihamishiwa kombania nyingine. Historia ndefu ya mihuri ni jambo jema. Muhuri mmoja, safi, mweusi ti, katikati ya bitana iliyochakaa, haunipendezi; wino wa kweli umezeeka pamoja na kitambaa na umeingia ndani ya nyuzi, ilhali wa bandia umekaa juu.

Koti la kujinunulia halina mihuri hiyo bali lebo ya fundi cherehani, na kwenye mfuko wa ndani mara nyingi kuna karatasi au kitambaa chenye jina la mteja. Sufu yake ni laini zaidi, kola ni ndefu kuliko kanuni ilivyoruhusu, na kiuno kimebanwa. Maofisa vijana wa Potsdam walikuwa watu wa mitindo.

Kagua mshono wa kila alama. Litzen zilizowekwa tangu mwanzo zimeshonwa kabla kola haijatiwa bitana, kwa hiyo mishono yake haionekani upande wa ndani. Uzi ukionekana umepenya hadi bitana, alama imeongezwa baadaye. Huenda iliongezwa mwaka 1905 na fundi wa rejimenti, huenda mwaka jana. Zima taa na utumie kurunzi ya miale ya urujuanimno: nyuzi na sabuni za kisasa zina kemikali inayong'aa buluu-nyeupe, ambayo haikuwepo enzi za Kaisari. Mng'ao wa koti zima unaweza kumaanisha tu kwamba lilifuliwa kwa sabuni ya kisasa. Mng'ao wa mshono mmoja tu ndio unaozungumza. Ukipata uzi uliochomoka wenyewe, uchome kwa kiberiti: sufu hunuka kama nywele zilizoungua na kuacha majivu, nailoni na poliesta huyeyuka na kuwa tone gumu.

Hatua ya 6: Jifunze kishada cha singe

Hiki ni kitu kidogo ambacho wengi hukipuuza, na kwangu ndicho chenye raha kuliko vyote. Askari alifunga kwenye ala ya singe ukanda mweupe wenye kishada, unaoitwa Troddel, na rangi zake zilitaja kombania yake. Shika kishada mkononi ukisome kutoka juu: kuna kifundo kinachoteleza, chini yake shina, na chini ya shina taji la mviringo ambalo nyuzi nyeupe hutokea. Shina ni batalioni: nyeupe kwa ya kwanza, nyekundu kwa ya pili, njano kwa ya tatu. Kifundo na taji ni kombania ndani ya batalioni, kwa mpangilio ule ule wa nyeupe, nyekundu, njano na buluu. Kombania ya kwanza kwa hiyo ni nyeupe tupu. Ya tano ina shina jekundu kati ya kifundo na taji vyeupe. Ya sita ni nyekundu yote, na ya kumi na moja ni njano yote.

Kishada hakitaji rejimenti, bali kinapima ukweli wa vingine. Koti lenye muhuri wa kombania ya sita, vifungo vya begani vyenye namba 6, na kishada chekundu kote, vikitoka katika nyumba moja, ni seti ambayo wafanyabiashara hawawezi kuikusanya kwa bahati.

Hatua ya 7: Tahadhari na sare ya kijivu na yaliyofuata baada ya 1919

Sare ya kijivu ya mtindo wa 1910 ilibakiza Litzen kwenye kola na pindo za mikono. Septemba 1915 lilikuja koti rahisi la vita, lenye vifungo vilivyofichwa, na hapo Walinzi walibaki na Litzen ndogo za kola peke yake. Koti hili katika hali nzuri ni adimu, maana yalivaliwa yakaisha.

Mtego mkubwa uko baada ya vita. Jeshi la Jamhuri ya Weimar lilieneza Litzen za kola kwa askari wote, jeshi lililofuata likaendelea nazo, na hata jeshi la Ujerumani Mashariki lilizitumia. Koti la kijivu lenye Litzen, basi, halitoshi kuitwa la Walinzi. Huko Potsdam kwenyewe, Rejimenti ya 9 ya Askari wa Miguu ilirithi mapokeo ya Rejimenti ya Kwanza, na wito wa Semper Talis unatumiwa leo na batalioni ya gwaride ya jeshi la Ujerumani, kiasi kwamba beji nyingi zinazouzwa zikiwa na maneno hayo ni za baada ya 1950. Vyama vya wastaafu wa rejimenti navyo vilitengeneza beji na medali zake katika miaka ya 1920 na 1930. Si bandia, lakini hazikuvaliwa kwenye sare ya Kaisari, na bei yake ilingane na ukweli huo.

Hatua ya 8: Mtafute mwenye koti

Ukipata jina kwenye lebo, kazi nzuri inaanza. Kumbukumbu kuu za jeshi la Prussia ziliteketea kwa mabomu Potsdam mnamo Aprili 1945, na faili nyingi za askari mmoja mmoja ziliteketea pamoja nazo. Kilichobaki ni vitabu vilivyochapwa. Orodha ya vyeo ya maofisa wa Prussia, Rangliste, ilitoka karibu kila mwaka hadi 1914 na inaonyesha nani alikuwa katika rejimenti ipi kwa cheo gani. Kwa ofisa, miaka mitatu au minne ya orodha hiyo inatosha kubana tarehe ya koti kwa kufuata nyota zake. Kwa askari wa kawaida zipo orodha za majeruhi na waliofariki za 1914 hadi 1919, ambazo zimewekwa mtandaoni na zinatafutika kwa jina. Kwa kulinganisha vitu vyenyewe, makusanyo ya umma yenye uzito ni ya Deutsches Historisches Museum la Berlin, makumbusho ya jeshi ya Rastatt na Dresden, na ya Ingolstadt kwa upande wa Bavaria.

Hatua ya 9: Nunua na usafirishe kwa karatasi

Pendelea nyumba ya mnada au muuzaji anayetoa dhamana ya maandishi ya uhalisi na kukubali kurudishiwa kitu. Kabla ya kutaja bei, omba picha za ndani ya koti, nyuma ya tai, chini ya ukingo wa kofia na za mihuri, zikiwa zimepigwa kwa mwanga wa pembeni. Asiyetaka kuzitoa amekwisha kukujibu. Kumbuka kuongeza ada ya mnada, ambayo Ulaya mara nyingi huzidi asilimia 20 ya bei ya nyundo, kisha usafirishaji na bima.

Umoja wa Ulaya una kanuni za vibali kwa vitu vya kitamaduni vinavyotoka nje ya mipaka yake, kwa kutegemea aina, umri na thamani, kwa hiyo mwachie muuzaji jukumu hilo kwa maandishi. Katika mfumo wa forodha unaotumika pia na nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki, vitu vya kale vyenye umri unaozidi miaka 100 vina kichwa chake, namba 9706, na sasa vitu vyote vya kabla ya 1919 vimeufikia umri huo. Mwombe muuzaji aandike namba hiyo na mwaka wa kitu kwenye ankara. Jambo hili si la kuchezea, kwa sababu sheria za nchi zetu zinabana raia kuwa na sare za jeshi, na ofisa wa forodha anayefungua sanduku na kukuta koti lenye vyeo ana haki ya kuuliza. Ankara, dhamana ya uhalisi na barua fupi inayoeleza kwamba ni kitu cha makumbusho cha jeshi lililovunjwa mwaka 1919 vikae juu kabisa ndani ya sanduku. Singe na silaha nyingine yoyote usizichanganye na mzigo huo. Zina sheria zake.

Hatua ya 10: Vihifadhi, hasa ukiishi pwani

Adui wa sufu ni nondo, na adui wa metali na ngozi ni hewa yenye unyevu na chumvi. Koti likifika, lifunge ndani ya mfuko wa plastiki usiopitisha hewa, ulitie kwenye friza yenye nyuzi 18 chini ya sifuri kwa wiki mbili, kisha liache lirudi joto la chumba siku nzima kabla ya kuufungua mfuko, ili umande usitue kwenye sufu. Hii huua mayai na mabuu bila kemikali. Vidonge vya nafthalini viachwe: mvuke wake si mzuri kwa mapafu yako, na harufu yake haitoki. Usiitie kofia kwenye friza.

Hifadhi unyevu wa kabati kati ya asilimia 45 na 55. Mombasa, Zanzibar au Dar es Salaam hilo halipatikani bila kifaa cha kukausha hewa au visanduku vilivyofungwa vyenye silika jeli inayokaushwa upya mara kwa mara. Kipimo cha unyevu ni cha bei ndogo, na kinunuliwe kabla ya koti. Mwanga wa maonyesho usizidi lux 50, na jua la dirishani lisiguse kitambaa hata kidogo, kwa sababu ule weupe wa bega hugeuka njano na hakuna namna ya kuurudisha.

Usiing'arishe metali kwa Brasso. Rangi iliyotulia juu ya tai ni sehemu ya ushahidi, na dawa ya kung'arishia huacha unga mweupe kwenye mistari ya mabawa ambao kila mnunuzi wa baadaye atauona. Usiipake ngozi mafuta ya nazi, wala dawa ya viatu. Mafuta hulainisha gundi na varnishi ya kofia, huvuta vumbi, na pwani huota ukungu kwa wiki chache. Kitambaa kikavu cha pamba na brashi laini vinatosha. Penye kutu ya kijani, mahali shaba ilipogusana na ngozi, iondoe kwa kijiti cha mbao bila kimiminika.

Koti likae kwenye hanga nene lililozungushiwa pamba na karatasi isiyo na asidi, vifungo vikiwa wazi ili kola isivutike, na mikono ijazwe karatasi hiyo hiyo. Kofia iketi juu ya umbo la kichwa lililovikwa kitambaa, uzito wake ukibebwa na bakuli la ngozi na si na ukingo wa mbele, kwa kuwa mshono wa ukingo huo ndio unaoachia kwanza.